Mienge ya Polybius na kidole cha mzee wetu

Kwa siku 38 mzee wetu hakuitikia shikamoo ya mtu. Alipatwa na kiharusi baada ya swala ya Alfajiri, akiwa bado juu ya mswala, na tulipomrudisha nyumbani kutoka hospitali upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Kinywa chake hakikutoa neno, ila mvumo ambao hata mama yetu, aliyeishi naye miaka 46, hakuweza kuufasiri. Macho yake yalikwisha zimika miaka kadhaa kabla ya hapo kwa presha ya macho. Alibakiwa na mkono wa kushoto, masikio yake na akili yake. Daktari alitueleza jambo ambalo tunaliweka hapa kwa ajili ya familia nyingine: wapo wagonjwa wa kiharusi wanaopotewa na maneno yenyewe kichwani, na wapo wanaobaki na maneno yote ila misuli ya kuyatamka imegoma. Mzee wetu alikuwa katika kundi la pili. Kila alichotaka kusema kilikuwemo ndani, kimekosa mlango.

Huyu ni mtu aliyesomesha madrasa zaidi ya miaka 40. Wengi wanaosimama safu ya kwanza msikitini kwetu walifundishwa alifu na yeye, nasi tukiwemo. Nyumba iliyozoea sauti yake ikawa kama imehamwa.

Tulibuni njia ambayo bila shaka kila familia huibuni. Tunamshika mkono, tunamuuliza. Akibana mara moja ni ndiyo, akibana mara mbili ni siyo. Baba, unataka maji? Unaumwa? Tukugeuze? Mto umekaa vibaya? Tuwaite wajukuu? Wiki ya kwanza tulimshukuru Allah kwa neema hiyo. Wiki ya pili ikageuka mateso, kwake na kwetu. Alibana mara mbili, mara mbili, mara mbili tena, kisha akauvuta mkono wake na kuugeuza uso ukutani. Ndugu yetu mkubwa alishikilia kwamba mzee ana wasiwasi na mpaka wa shamba. Dada yetu alisema ni maumivu anayoyaficha. Sisi, kwa kuwa ni katibu wa kamati ya msikiti na kila jambo tunalitazama kwa jicho la mafaili, tulimsomea kumbukumbu za vikao vya miezi mitatu, tukidhani anataka kujua ujenzi wa vyoo umefika wapi. Alilala katikati ya kikao cha pili.

Wasomaji watatuwia radhi tukiwapeleka mbali kwa kitambo, hadi kwa Wagiriki wa kale, ambao vitabu vya Kiarabu huwaita Wayunani, maana faraja yetu ilitoka huko. Tulipokuwa chuo cha Kiislamu tulipewa kazi ya kuandika juu ya Abu Yusuf Yaqub al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, na risala yake kuhusu kufumbua maandishi yaliyofichwa. Katika kutafuta ni nani waliomtangulia tukakutana na Polybius.

Polybius alizaliwa katika mji wa Megalopolis, yapata mwaka 200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Mwaka 167 Warumi waliwachukua mateka waungwana wapatao 1,000 wa upande wake, naye akiwa mmoja wao, akakaa Roma miaka 17 hivi. Huko akawa mwandani na mlezi wa kijana Scipio Aemilianus, na alikuwa pamoja naye mwaka 146 jeshi la Roma lilipouteketeza mji wa Carthage, katika nchi tunayoiita leo Tunisia. Aliandika historia ya vitabu 40. Vitano vya mwanzo ndivyo vilivyotufikia vikiwa kamili, vingine tuna vipande tu. Katika kitabu cha kumi, akiwa katikati ya habari za vita, anaisimamisha hadithi na kuanza kuzungumzia moto.

Moto ndio uliokuwa simu ya zama hizo. Mlinzi wa kilima hiki anawasha, wa kilima cha pili anaona naye anawasha, na habari inavuka nchi kabla farasi hajatandikwa. Ila moto mmoja husema jambo moja tu, tena lililopatanwa kabla: mkiona moto, jueni meli zimefika. Mtu aitwaye Aeneas, aliyeandika juu ya mbinu za vita, alijaribu kuupa moto maneno mengi zaidi. Alielekeza vitengenezwe vyombo viwili vya udongo vilivyo sawa, kina chake dhiraa tatu na upana dhiraa moja, kila kimoja na tundu la ukubwa uleule. Juu ya maji kinaelea kizibo kipana kilichosimamishiwa fimbo, na fimbo imegawanywa mafungu, kila fungu limeandikwa jambo lake: wapanda farasi wameingia nchini, askari wa miguu wenye silaha nzito, meli, nafaka. Anayetuma anainua mwenge. Wote wawili wanazibua matundu kwa pamoja. Maji yanashuka na fimbo inashuka nayo. Fungu linalotakiwa likifika ukingoni, anayetuma anainua mwenge tena, na mwenzake anaziba tundu na kusoma fungu lililofika ukingoni mwa chombo chake.

Ni werevu, na Polybius anakiri kwamba hiyo ni hatua mbele. Kisha anauliza: ni nani awezaye kuyaandika kwenye fimbo mambo yote yatakayotokea? Utaandika wapanda farasi, lakini hutajua ni wangapi wala wameingilia wapi. Na mambo yanayohitaji kujulikana upesi kuliko yote, anasema, ni yale ambayo hakuna aliyeyatarajia, mathalani kwamba watu wa mji fulani wamegeuka au kuna waliosaliti. Hayo hayapo kwenye fimbo.

Chuoni tuliyasoma hayo na kuyapita haraka. Yaliturudia baada ya miaka 12, usiku mmoja tukiwa tumeushika mkono wa mzee, tukimuuliza kwa mara ya ishirini kama anataka maji. Mkononi mwetu ilikuwa fimbo ya Aeneas. Maswali yote tulikuwa tumeyaandika sisi, na alilotaka kulisema yeye halikuwemo.

Njia anayoisifu Polybius, ambayo anasema waliibuni Cleoxenus na Democleitus kisha yeye mwenyewe akaikamilisha, inaachana na mambo na kushika herufi. Alfabeti ya Kigiriki ina herufi 24. Zinagawanywa katika mbao tano, herufi tano tano. Ubao wa mwisho unapungukiwa na moja, na haidhuru. Anayetuma anainua kwanza mienge miwili, mpokeaji anajibu kwa miwili, ili kila mmoja ajue mwenzake yu tayari. Baada ya hapo mienge ya upande wa kushoto inaeleza ni ubao wa ngapi, na ya upande wa kulia inaeleza ni herufi ya ngapi katika ubao huo. Kila upande una kiambaza cha futi kumi hivi, chenye kimo cha mtu, ili mwenge ukishushwa upotee kabisa machoni. Na anayetazama ana chombo chenye mirija miwili, mmoja wa kutazama kulia, mmoja wa kushoto. Mfano anaoutoa ni wa askari wapatao mia waliokimbilia kwa adui. Kwanza anaamuru maneno yafupishwe: badala ya maelezo marefu, itajwe tu kwamba Wakrete mia wametoroka. Herufi ya kwanza ni kapa, ambayo ni ya tano katika ubao wa pili. Basi mienge miwili kushoto, mitano kulia. Inafuata ro, ya pili katika ubao wa nne. Minne kushoto, miwili kulia. Na kuendelea hivyo hadi habari iishe.

Sasa tuje kwenye lugha yetu. Kiswahili hakina Q wala X, na C haisimami ila ikiwa na H. Ukiihesabu CH kuwa herufi moja, kama walivyotufundisha walimu wa darasa la kwanza, herufi zetu ni 24, sawasawa na za Wagiriki, na fungu la mwisho linapungukiwa na moja vilevile. Miaka miwili iliyopita, wakati wa likizo, tuliwafundisha watoto wa madrasa mchezo huu tukawaambia wazipange herufi kama wanavyopangwa waumini: safu tano, watu watano kila safu.

A B CH D E
F G H I J
K L M N O
P R S T U
V W Y Z

Herufi inatajwa kwa tarakimu mbili, kwanza safu, kisha nafasi ndani ya safu ukianzia kushoto. B ni 1-2. M ni 3-3. Z ni 5-4. BABA ni 1-2, 1-1, 1-2, 1-1. Kufumba ni kuweka tarakimu mahali pa herufi, kufumbua ni kurejesha herufi mahali pake, na mtoto wa miaka minane anaimudu kazi hiyo kwa alasiri moja. Watoto walizikariri safu kwa sauti, wakianza na vichwa vyake, A, F, K, P, V, kama wanavyoimba alifu-be. Mzee wetu, wakati huo mzima wa afya ila macho, alikuwa ameketi barazani akisikiliza. Siku ya tatu alituita. Alitaka kujua ni nani aliyewafundisha watoto kuanza safu ya tatu na kalaman.

Mpangilio wa kale wa herufi za Kiarabu, wenyewe hukaririwa hivi: abjad, hawwaz, hutti, kalaman, sa'fas, qarashat, na mengine mawili ya kukamilisha herufi 28. Kalaman ni kaf, lam, mim, nun. Na safu yetu ya tatu inaanza K, L, M, N. Ndani ya qarashat mna ra, shin na ta. Na safu yetu ya nne ni P, R, S, T, U. Asiyeona aliyasikia yale ambayo sisi wenye macho hatukuyaona. Sababu yake ni kwamba alfabeti za Kigiriki, Kilatini na Kiarabu zote zina chimbuko moja, herufi za Wafoinike wa pwani ya Sham, na mfuatano wa zile za awali umedumu katika vinywa vya wanafunzi kwa miaka elfu kadhaa. Ukizilaza mbao za Polybius kando ya safu zetu utakuta ubao wa nne ni uleule, herufi kwa herufi: pi, ro, sigma, tau, ipsiloni. R ya Mgiriki ilikuwa mienge minne na miwili; R ya mtoto wa mtaani kwetu ni 4-2. Mzee aliifurahia sana habari hiyo. Kwa wiki nzima alikuwa akiwasimamisha watoto barazani na kuwapa majina ya kufumba kwa kichwa, bila karatasi, na akiwasahihisha.

Hata hivyo tunakiri kwamba si sisi tuliokumbuka. Hata usiku ule tulipowakumbuka Polybius na Aeneas tuliishia kusikitika tu, kama mtu mwenye ufunguo mfukoni anayelalamikia kufuli. Aliyekumbuka ni binti yetu, mwenye miaka kumi. Yeye na binamu yake hulala vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta, na taa zikizimwa hugongeana habari zao, jambo ambalo tulikwisha kuwakemea mara nyingi. Siku ya 38, baada ya Adhuhuri, alituvuta kanzu.

"Baba, Babu anajua kuhesabu."

Tukamwambia ashushe sauti, Babu amepumzika.

"Babu anazijua safu. Alinisahihisha yeye mwenyewe."

Hakungoja ruhusa. Alikwenda akaketi kando ya kitanda, akaugonga ubavu wa mbao ya mninga mara mbili, akasema, "Shikamoo Babu. Nijibu kwa safu." Tuliona kidole cha mkono wa kushoto kikisimama. Kikagonga mara tatu, kikatulia, kikagonga mara tatu. Kisha moja, na moja. Kisha nne, na mbili. Sisi tulikuwa bado tunatafuta kalamu. Binti yetu aliruka: "Babu anasema marahaba!" Mama yetu alikuwa mlangoni na sinia la uji. Aliketi chini palepale kizingitini.

Neno la pili lilikuwa 1-3, 1-1, 2-4. Chai. La tatu lilikuwa 1-2, 1-1, 4-2, 2-4, 1-4, 2-4. Baridi. Kwa muda wote ule tulikuwa tukimnywesha chai iliyopoa, kwa kuogopa isimuunguze kinywa ambacho upande mmoja hakihisi. Tulimuuliza kila asubuhi kama anataka chai, naye akabana ndiyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama ni baridi.

Kazi yenyewe si nyepesi, na familia itakayotaka kuijaribu ijue hivyo. CHAI ni mapigo 12, lakini MARAHABA ni mapigo 28, na mkono wa mgonjwa huchoka. Tulipatana kwamba shikamoo itaitikiwa kwa M peke yake. Bahati yetu ni kwamba herufi inayorudiwa kuliko zote katika Kiswahili ni A, nayo ina mapigo mawili tu. Mzee, bila ya kuambiwa, akawa anafanya alivyoshauri Polybius, yaani kuchagua neno fupi na kuacha la kupambia. Siku alizochoka tulibadilishana kazi: sisi tunataja A, F, K, P, V polepole, yeye anatusimamisha kwa pigo moja kwenye safu, kisha tunaitembea safu hiyo hadi atusimamishe tena. Kofi la kiganja kwenye mbao lilikuwa na maana ya "mmekosea" au "nimekosea", kwa kuwa hakupenda kutofautisha. Wiki ya kwanza sentensi moja ilichukua muda wa kuchemsha maharage. Polybius naye aliulizwa, au alijiuliza, kama njia yake si nzito mno, na jibu lake lingempendeza mwalimu yeyote wa madrasa. Anatutaka tumfikirie mtoto anayeanza kusoma, anayelazimika kulitambua umbo la kila herufi, kisha sauti yake, kisha kuiunga na jirani yake. Mtoto huyo akimwona mtu mzima akisoma mistari mingi kwa pumzi moja ataona ni muujiza. Mazoea ndiyo yanayotenda.

Kuuacha moto na kushika mlio ni kazi waliyoifanya wafungwa. Katika magereza ya mfalme wa Urusi wafungwa wa kisiasa waliotengwa waligongeana herufi ukutani kwa safu na nafasi. Vera Figner, aliyefungwa miaka 20 katika ngome ya Shlisselburg kuanzia mwaka 1884, alisimulia habari hizo katika kumbukumbu zake. Mwaka 1965 rubani wa Kimarekani Carlyle Harris alitekwa huko Vietnam ya Kaskazini. Akiwa gerezani Hanoi aliwafundisha wenzake miraba hiyo, ambayo aliwahi kuisikia mafunzoni kama habari ya pembeni tu. Kwa kuwa Kiingereza kina herufi 26 walilazimika kuitoa K na kuitumia C mahali pake. Wasipoweza kugonga walikohoa kwa hesabu, au walifagia ua kwa hesabu, na kabla ya kulala waliagana kwa herufi tatu tu za dua ya kuombeana baraka za Mungu. Sisi tulipoisoma habari hiyo tuliikumbuka ile M ya marahaba.

Watoto watauliza, kama walivyotuuliza wetu, kama hii ni siri ya kweli. Kwa Polybius haikukusudiwa iwe siri. Alitaka habari ifike, na yeyote aliyezijua mbao aliweza kusoma. Ukitaka kuficha, chagua neno la siri, kwa mfano BAHARI. Liandike mwanzo wa miraba bila kurudia herufi, B A H R I, halafu ujaze herufi zilizobaki kwa mfuatano wake. Sasa B ni 1-1 na A ni 1-2, na asiyelijua neno lenu atasoma upuuzi. Binti yetu na binamu yake walifanya hivyo ili mama zao wasiwafumbue. Hapo ndipo anapoingia al-Kindi. Katika risala yake, ambayo nakala yake ilipatikana katika maktaba ya Süleymaniye mjini Istanbul, alieleza kwamba kila lugha ina herufi zinazojirudia sana na nyingine zisizojitokeza ila mara chache. Basi zihesabu alama za ujumbe uliofichwa, ulinganishe hesabu hiyo na hesabu ya maandishi ya wazi ya lugha ileile, na pazia litaanza kupasuka. Tuliwajaribu watoto wetu. Katika barua yao alama iliyojirudia kuliko zote ilikuwa 1-2, na kwa Kiswahili hiyo haina budi kuwa A. Kabla ya Isha tulikuwa tumekwisha kujua ni nani aliyekula halua ya wageni.

Turudi kitandani kwa mzee. Usiku wa siku ya kumi tangu marahaba ile, tulikuwa watoto wake wote chumbani. Aligonga 1-4, 1-5, 3-4, 2-4. Deni.

"La mpaka wa shamba!" akasema ndugu yetu mkubwa. Kofi. "La duka la dawa, Baba?" akauliza dada yetu. Kofi. Nasi tukauliza, "La msikiti?" Kofi kubwa kuliko yote. Tulikuwa tumekwisha kuirudia fimbo ya Aeneas bila kujijua. Binti yetu, ambaye alitakiwa awe amelala, alisema kutoka nyuma ya pazia, "Mwacheni Babu amalize."

Tukanyamaza. 2-1, 4-5. Dada yetu akafungua kinywa, tunadhani alitaka kusema futari, akajizuia. 3-4, 1-4, 2-4. Fundi. Akapumzika. Kisha 3-1, 1-1, 3-4, 5-4, 4-5. Kanzu.

Mama yetu ndiye aliyeifungua. Miaka tisa nyuma, kwa ajili ya Maulidi, mzee aliwashonesha kanzu wanafunzi 12 ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo. Alimlipa fundi cherehani nusu na kuahidi nyingine baada ya mavuno. Mavuno yalichelewa, fundi akafunga kibanda chake na kuhama, na mzee akawa anasubiri arudi. Kuhusu kiasi hatukuhitaji herufi. Tulimwomba ahesabu kwa elfu kumi kumi, akagonga mara sita.

Uzito wa deni kwa Muislamu hatuna haja ya kuueleza katika kurasa hizi. Ila usiku ule tuliifikiria aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inayohusu kuandikiana deni. Ndani yake ametajwa mdaiwa aliye dhaifu au asiyeweza kutoa imla mwenyewe, na walii wake ameamrishwa atoe imla hiyo kwa uadilifu. Tuliisoma aya hiyo mara nyingi darasani na mawazo yetu yalikuwa kwa watoto na wenye upungufu wa akili. Hatukuwahi kufikiri kwamba uadilifu huo unaweza kuwa kitu kidogo kama kungoja herufi ya tano kabla ya kusema unajua neno. Baada ya pale tuliweka sharti chumbani: anayepokea anaandika tarakimu kwanza, zote, na hakuna ruhusa ya kufumbua hadi mzee apige mbao mara moja kwa kiganja wazi na kutulia.

Tuliwapigia simu makatibu wenzetu wa misikiti ya wilaya jirani. Siku ya nne tukaipata habari: fundi alifariki miaka mitatu iliyopita. Tulisita kumwambia mzee, kisha tukamwambia. Alikaa kimya muda mrefu, midomo ikicheza, nasi tukajua anamuombea. Kisha akagonga, na hakuna aliyethubutu kutangulia: 5-2, 1-1, 4-2, 2-4, 4-4, 2-3, 2-4. Warithi.

Tulikwenda na ndugu yetu mkubwa. Mjane wa fundi alitupokea kwa wasiwasi, kama anavyopokewa mtu aliyekuja kudai. Tulipomweleza kwamba tumekuja kulipa alisema hana habari ya deni lolote, na kama lipo amelisamehe. Mwanawe wa kike akaenda ndani akarudi na daftari la marehemu, lililofungwa kwa uzi wa cherehani. Lilikuwemo: maalim, kanzu 12, bado 60,000. Hakuna aliyesema neno. Tuliwahesabia fedha mbele ya watoto wote wa marehemu, wakagawana kwa utaratibu wao.

Nyumbani tulimkuta mzee ameegemezwa mito, anangoja. Tukampa salamu zao, tukamweleza kila kitu kwa mfuatano, kama kumbukumbu za kikao. Alisikiliza hadi mwisho. Tulitarajia alhamdulillah, tukaandaa karatasi kwa kuwa ni neno refu. Akagonga 4-2, 2-4, 4-3, 2-4, 4-4, 2-4.

Risiti.

Tunamshukuru Allah kwamba miaka ya ukatibu haikupotea bure. Binti wa fundi alikuwa ametuchania ukurasa wa daftari, akaandika "yamelipwa yote" na kutia saini pamoja na mama yake. Tuliuweka katika kiganja cha mzee. Aliupapasa kwa kidole gumba, ukingo kwa ukingo, akausukuma chini ya mto wake. Kisha kidole kikarudi kwenye mbao: 1-3, 1-1, 2-4. Mama yetu, ambaye hajawahi kujifunza miraba na hataki kujifunza, aliinuka bila kutuuliza akaenda kuwasha jiko.